Mama Mlango

Mlango wa pembeni wa haisi ya Sadock ulimtii mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Justa, mke wake, konda wa gari hilo hilo. Wengine walijaribu wakaaibika. Mwenye nguvu akiuvuta, uligonga mwisho wa reli ukamrudia. Mpole akiubembeleza, ulisimama katikati, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Justa alikuwa na namna yake: anasimama nje, anashika kishikio, anatia goti chini auinue kidogo, anauvuta mbele, halafu anaumalizia kwa nyonga moja ya haja. Kaa! Umefunga. Kisha anakimbilia mlango wa mbele, anakaa kando ya mumewe, anageuka nyuma. "Haya wapendwa, nauli mkononi, msinisumbue." Abiria wa Vudee walimpachika jina la Mama Mlango, naye akalipenda.

Miaka mitano walipanda na kushuka hivyo, Vudee hadi Same, Same hadi Vudee. Sadock kwenye usukani, kimya, maana ni mtu wa maneno machache kupita kiasi. Justa ndiye aliyekuwa mdomo wa gari. Alijua bibi yupi anafuata dawa za presha kliniki ya tarehe ngapi, alijua gunia la tangawizi la nani ni bichi na litalowesha viti, alijua nani akisema "nitalipa wakati wa kurudi" anamaanisha na nani anadanganya. Mtu akimtuma kifurushi hakiandikwi jina, na kinafika. Tangu aanze yeye gari lilikuwa halitembei tupu, na kila mtu Vudee alilijua hilo, hata waliojifanya hawajui.

Basi, mambo yakaharibika Benson aliporudi kutoka Makanya.

Benson ni kaka yake Sadock, mkubwa kwake kwa miaka minane. Alikuwa amechimba jasi huko tambarare miaka kumi na mmoja, wakampunguza kazini, akapanda mlimani na godoro, redio, na kikohozi kikavu. Akafikia kwa mama yao, Bibi Agatha. Wiki haijaisha Bibi Agatha akaita wanawe na mkwewe nyumbani kwake.

"Sadock," alisema, "kaka yako ana mikono miwili na hana kazi. Wewe una gari, na konda wako ni mwanamke. Unadhani watu hawaoni?"

"Mama, konda wangu ni mke wangu."

"Si ndiyo nasema! Mke wa mtu anapiga kelele stendi, anagombania mizigo na wahuni. Sisi tulimwoa kwa ajili ya gari au kwa ajili ya nyumba?"

Justa alikuwa anapakua makande. Mwiko haukusimama, lakini masikio yote yalikuwa kwa mumewe. Sema, alimwambia moyoni. Sema hata moja.

Sadock alicheka kile kicheko chake cha kukwepa. "Mama, mimi kaka ningempa hata kesho asubuhi. Lakini ule mlango, nani mwingine anauweza?"

Watu wakacheka, na Justa naye akacheka. Alichukulia ni utani wa mume anayemzungushia mama yake maneno. Sababu zenyewe anazo moyoni, alijiambia, ila si za kusemwa mbele ya mama mkwe.

"Mlango ni mlango," Benson akasema. "Mimi nimesukuma mabehewa ya mawe."

Wakakubaliana ajaribu siku moja. Siku yenyewe Justa alibaki shambani, na habari alizipata kwa abiria. Benson aliupiga ule mlango hadi kioo kikalia, akaufunga kwa kamba ya mpira, wakaondoka. Kona ya kwanza ya mteremko, kamba ikakatika. Magunia mawili ya tangawizi yakaporomoka bondeni na tenga la kuku likayafuata. Benson akateremka kuyafuata huku anakohoa, na abiria wamejishika mbavu kwa kicheko. Mama mmoja akampigia kelele, "Kaka Benson, hayo siyo mabehewa!"

Kesho yake Justa alirudi kwenye kiti chake cha mbele. Benson hakumsalimia kwa siku tisa.

*

Ukweli ni kwamba mlango ulikuwa unazidi kuoza. Hata nyonga ya Justa ilianza kushindwa. Zamani aliupiga mara moja, sasa mara mbili, mara tatu, na bado ukitikisika kwenye mawe ulijiachia kidogo ukapitisha vumbi. Kila jioni alimwambia Sadock, "Baba Careen, huu mlango utatuletea msiba," na kila jioni Sadock alijibu, "Spea yake hakuna Same nzima."

Jumatatu moja asubuhi mwalimu Rogathe alikaa karibu na mlango, madaftari ya wanafunzi yamejaa mapajani. Kwenye kona ile ile ya mteremko mlango ukaachia wote kwa mpigo. Madaftari yakaruka. Mwalimu Rogathe alikuwa anayafuata, mguu mmoja uko nje, pale Justa alipojirusha juu ya kiti cha mbele akamkamata kwa mkunjo wa kitenge mgongoni. Kitenge kikachanika, lakini Justa hakuachia. Sadock alipofanikiwa kusimamisha gari, mwalimu alikuwa ananing'inia kama nguo kwenye kamba, na chini yake ni bonde tupu.

Hakuna aliyecheka. Waliteremka wote wakaokota madaftari moja moja kwenye majani yenye umande. Mwalimu Rogathe alikaa kwenye jiwe, anatetemeka, anajaribu kusema asante na meno yanagongana. Justa akamfunga kitenge chake mwenyewe kiunoni.

Walipofika chini, mahali barabara ya vumbi inapopokelewa na lami, trafiki akawasimamisha. Abiria mmoja, bado ana hofu, akamweleza afande kila kitu. Afande akazunguka gari, akautikisa mlango, akamtazama Sadock.

"Huu unafungwaje?"

"Kuna namna yake, afande. Konda ndiye anaijua."

"Konda yuko wapi? Wewe mama? Hebu nioneshe."

Justa akashuka. Pembeni palikuwa na lori la mkonge na basi la abiria, yamesimamishwa pia, na watu wote wamekaa madirishani hawana kazi nyingine. Akatia goti. Akavuta. Akapiga nyonga. Mlango haukushika.

"Rudia."

Akarudia. Kutoka kwenye basi mtu akapiga mluzi. "Ongeza mama, ongeza!" Simu mbili zikatoka dirishani zinampiga video. Justa alihisi shingo inawaka moto. Mama wa watoto watatu, kiongozi wa umoja wa wanawake usharikani, na hapa anakata kiuno kando ya barabara kwa amri ya serikali.

"Mara ya mwisho," afande alisema, na yeye meno yote nje.

Mara ya tatu ukafunga. Kaa! Basi zima likapiga makofi. Justa alinyanyua macho kumtafuta mumewe, akamwona kwenye kioo cha pembeni. Sadock alikuwa anacheka pamoja na afande. Labda aliogopa. Mtu akiogopa hucheka na mwenye nguvu, hilo Justa alilijua. Lakini alimwona anacheka.

"Dereva, Ijumaa nikiukuta hivi nang'oa namba," afande alisema. "Endeni."

*

Jumatano Justa alikwenda kwa mama mweka hazina wa kikoba, akaomba atolewe hisa zake. Zilikuwa za kununulia mabati ya jiko. Hakumwambia Sadock. Alitaka iwe zawadi, na zaidi ya zawadi alitaka asipigiwe tena ile hadithi ya spea.

Alhamisi walipokwisha kushusha abiria Same, akamwambia, "Usipaki hapa. Nenda gereji kwa Eliamini."

"Kufanya nini?"

"Mlango."

Sadock hakuwasha gari. "Nimekwambia spea hakuna."

"Nimempigia. Anayo."

"Si tungengoja mwezi ujao? Huyu afande nitaongea naye, namjua."

"Mwezi ujao nitakuwa nimemzika mwalimu Rogathe. Washa gari, baba Careen."

Akawasha. Njia nzima hakusema neno, na Justa alidhani anawaza hela.

Fundi Eliamini alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliufungua mlango, akaingiza kidole kwenye kitasa, akakunja uso kama mtu aliyeonja mboga iliyochacha. "Jamani, mnaishi na ugonjwa huu tangu lini?"

"Miaka mitano, fundi."

"Miaka mitano! Na dawa yake ni kazi ya saa moja na nusu." Akawaonesha. Kulikuwa na magurudumu madogo yanayobeba mlango juu ya reli. La chini lilikuwa limelika upande mmoja, ndiyo maana mlango ulilala na kumtaka mtu aunyanyue kwa goti. Na ndani ya kitasa, ile ndoana inayouma chuma cha kwenye nguzo ilikuwa imepoteza meno, na springi yake imelegea. "Huu mlango haukuwa na kiburi, mama. Ulikuwa mgonjwa. Dereva, hukuwahi kuuleta kwa fundi yeyote?"

Sadock alikuwa anachezea funguo. "Kazi nyingi," alisema.

Eliamini alikuwa na kitasa kizima alichokitoa kwenye haisi iliyopinduka. Akabadilisha gurudumu, akafunga kitasa, akasogeza kile chuma cha kwenye nguzo kidogo kidogo, anafunga mlango, anafungua, anachungulia mwanya, anasogeza tena. Mwisho akapaka grisi kwenye reli. "Njoo, mama. Kwa kidole."

Justa kwa mazoea alitanguliza goti. Eliamini akamzuia. "Nimesema kidole."

Akaweka kidole cha shahada kwenye kishikio akasukuma. Mlango ukateleza wote, laini, ukajiingiza mahali pake. Tik. Justa alipiga kelele ya furaha kama binti. Akaufungua, akaufunga tena. Tik. Akaufunga mara sita.

"Baba Careen, umeona? Njoo ujaribu!"

"Nimeona," Sadock alisema. Hakusogea.

Justa alimlipa fundi, elfu arobaini na tano, na mkono haukumuuma. Eliamini akamfungia kitasa cha zamani kwenye gazeti. "Hiki chenu. Mkawaoneshe wajukuu."

Ndani ya gari Sadock alikaa na usukani muda mrefu kabla ya kuondoka. "Ungeniuliza kwanza," alisema.

"Nikuulize nini? Kama tuwaache watu waanguke?"

"Basi. Yaishe."

Mwanamume akinunuliwa kitu na mkewe huona aibu, Justa alijiambia. Itapita.

*

Vudee, mtu Mungu akimtendea jambo, hakai nalo nyumbani. Anakwenda nalo kanisani, anasimama mbele na watu wake, anasema, na alichokileta kinapelekwa nje kunadiwa baada ya ibada. Justa alikuwa amebeba mkungu wa ndizi na trei ya mayai. Sadock alibeba jogoo. Jumapili hiyo mwalimu Rogathe naye alisimama pamoja nao, kitenge kipya.

"Bwana Yesu asifiwe," Justa alisema.

"Amina!"

"Wapendwa, nimekuja kushukuru kwa ajili ya mlango."

Kanisa zima likaangua kicheko, hata mchungaji. Nani asiyeujua ule mlango? Justa alipata moto. Ulimi ndiyo kazi yake, mbele ya watu yeye huwa hashikiki.

"Chekeni tu. Mnajua wenyewe nilivyokuwa nakata kiuno hapo stendi, hadi trafiki akanirudisha mara tatu, Same nzima imeniona kwenye simu." Kicheko. "Lakini mnajua pia mwalimu wetu alivyoponea chupuchupu. Nimesema hapana. Mungu amefungua njia, mlango umepona. Sasa wapendwa, hata mtoto wa Sandeskuli anaufunga kwa kidole kimoja!" Akanyanyua kidole juu kwa wote. "Kidole kimoja! Sifa kwa Bwana!"

Kwaya ikapokea kwa wimbo na vigelegele vikafuata. Mwalimu Rogathe alikuwa analia. Kando yake Sadock alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake, jogoo amebanwa kwapani hadi anakoroma. Benchi la tatu upande wa akina mama, Bibi Agatha alikuwa amenyoosha shingo. Akamgeukia Benson ng'ambo ya njia, akanyanyua kidole kimoja, akakishusha.

Nje, kwenye mnada, Bibi Agatha alifanya jambo ambalo hajawahi. Mama yule hununua yai moja moja, na hilo pia hulalamikia bei. Leo mkungu wa Justa ulipotajwa alipandisha bei mara mbili peke yake, akauchukua.

"Nimeupenda ushuhuda wa mkwe wangu," aliwaambia watu. "Mje wote wawili kwangu mchana, mama Careen. Tule pamoja."

Justa alifurahi. Mjinga gani! Alifurahi kabisa, akamwambia mwalimu Rogathe, "Leo mama amenipokea."

*

Walikula kwanza. Bibi Agatha hakuwa mtu wa kuzungumza mambo na sahani zimejaa. Benson alikuwa amenyoa ndevu na amevaa shati lililopigwa pasi. Sahani zilipoondolewa, Bibi Agatha akafuta meza kwa kiganja.

"Sadock, mwanangu. Mwaka huu wote nimekuomba neno moja, na jibu lako lilikuwa moja. Mlango. Ukasema mwenyewe kaka ungempa hata kesho, ila mlango. Nikanyamaza, maana tuliuona ulivyomfanya kaka yako. Sasa mlango umepona. Sikuambiwa na mbea. Nimesikia mbele ya madhabahu, kwa kinywa cha mkeo. Kidole kimoja."

Justa alimtazama mama mkwe, kisha mumewe.

"Mama," alisema, "mlango na kazi ni vitu viwili. Mimi nina—"

"Sijakuuliza wewe, mama Careen. Wewe umefanya vizuri sana, tena umetusaidia. Namuuliza mwanangu."

Benson alikohoa, akatazama pembeni. Hata yeye aliona haya kidogo, tuseme ukweli. Lakini njaa ya kazi haioni haya muda mrefu.

Justa akamgeukia mumewe. "Baba Careen, sema."

Sadock alikuwa anachora mezani kwa ukucha. Justa alimngoja. Alimngoja aseme gari lilikuwa linatembea na abiria wanne kabla yake. Aseme kuhusu madawa ya wazee na vifurushi visivyo na jina. Aseme hata kwamba njia ni ndefu na anapenda kukaa na mkewe, hilo lingetosha, hilo peke yake lingetosha na angekubali kushindwa nalo.

"Kwa kweli," Sadock alisema, "mlango si tatizo tena."

Kuku mmoja aliingia, akatoka.

"Kumbe," Justa alisema polepole, "miaka mitano konda wako alikuwa goti na nyonga."

"Ee! Lugha gani hiyo mbele ya mama mkwe?" Bibi Agatha alifoka. "Yamekwisha. Benson anaanza kesho. Na wewe, mama Careen, utapumzika. Shamba lako la tangawizi limejaa magugu, watu wanasema."

Walirudi nyumbani kwa miguu, mmoja mbele mmoja nyuma, jua bado lipo. Kwenye daraja la miti Justa akasimama.

"Ulijua," alisema. "Spea ilikuwepo. Ulijua siku zote."

Sadock hakubisha. "Nilikwambia uniulize kwanza."

"Ungenijibu nini?"

"Ningekwambia uache vile vile."

"Watu waanguke bondeni?"

"Hakuna aliyeanguka."

"Ni kwa sababu nilimshika, Sadock!" Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Careen azaliwe. "Kwa nini hukusema tu kwamba unanitaka kwenye gari? Maneno matatu! Mama angekuua?"

Sadock alitazama maji. Alipojibu, sauti ilikuwa ya mtu mwenye kinyongo, kama yeye ndiye aliyeibiwa. "Ningemwambiaje mama kwamba namtaka mke wangu kuliko kaka yangu? Ule mlango ulikuwa unanisemea. Wewe ukaenda ukautengeneza."

Justa alimtazama mwanamume huyu aliyelala naye miaka kumi na saba. Akatangulia.

*

Wiki tatu alilima magugu. Siku ya gulio akawa na gunia lake la tangawizi la kupeleka Same, na gari la kwenda Same ni hilo hilo. Alfajiri akasimama kituoni na wengine.

Haisi ikaja. Benson akashuka kutoka kiti cha mbele, kile kilichokuwa cha Justa. "Haya, haya, ingieni, tusicheleweshane!"

"Mama Mlango!" bibi Dorkas, abiria wake wa dawa za presha, alimwita kutoka ndani. "Mbona siku hizi hatukuoni? Juzi nimepitishwa kliniki, mpaka stendi, nikarudi kwa miguu na jua lile."

"Pole, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Rudi bwana, gari limepoa."

Benson alijifanya hakusikia. Akalitupa gunia nyuma, akausukuma mlango kwa kidole. Tik. Justa alikuwa amekaa kiti cha mwisho juu ya tairi. Viti viwili vilikuwa vitupu, siku ya gulio, jambo ambalo wakati wake lingekuwa aibu. Sadock alimwona kwenye kioo cha ndani. Macho yao yakakutana mara moja, kisha yeye akawa na barabara ya kutazama.

Benson akageuka kukusanya nauli. Alipomfikia Justa alisita, akajikaza.

"Shemeji, na gunia nalo lina nauli yake. Ni utaratibu, si mimi."

"Najua utaratibu," Justa alisema. "Niliuweka mimi." Akampa hela kamili.

Kwenye kona ile ya mteremko mwili wake ulijikaza wenyewe, mkono ukanyooka mbele kumtafuta mtu wa kumshika. Hakukuwa na haja. Mlango ulikaa kimya mahali pake kama umezaliwa hapo. Kwenye lami afande aliwapungia wapite.

Stendi ya Same upepo ulikuwa unapeperusha vumbi na mifuko. Benson aliwahi kuruka kwenda kugombana na mpiga debe mmoja, abiria wakashuka wenyewe, Justa wa mwisho, analiburuta gunia lake. Alipolifikisha chini akageuka kuufunga mlango. Hakuwaza. Mkono ulishika kishikio, goti likaingia chini, akauvuta, akaumalizia kwa nyonga, kwa nguvu yote ya miaka mitano.

Mlango mwepesi ule ulikwenda kama risasi. Gari zima likatikisika, kioo kikalia, watu wakageuka.

"We abiria!" Sadock alipiga kelele kutoka kwenye usukani, hajageuka hata shingo. "Taratibu na huo mlango! Umetengenezwa juzi tu, tumetoa hela hapo!"

Kisha akageuka. Akamwona kupitia kioo, amesimama kwenye vumbi, mkono bado uko kwenye kishikio. Midomo ya Sadock ilifunguka. Justa alingoja kidogo, maana mazoea ni kitu kibaya, na hata sasa alikuwa anamngoja. Hakuna kilichotoka.

"Samahani, dereva," alisema, akainama akalitia gunia lake begani.